Barua ya wazi kwa mawaziri wa mambo ya nje wa Afrika Mashariki: waziri wa Myanmar asomwe kabla ya kupewa mkono

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Mambo ya Nje wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.
Nakala kwa wakuu wa idara za uhamiaji, na kwa mabalozi wetu wanaohudumia Asia ya Kusini-Mashariki.

YAH: WASIFU WA OFISA WA JESHI LA MYANMAR ALIYEFANYWA WAZIRI

Waheshimiwa,

Myanmar ilipiga kura kwa awamu tatu, tarehe 28 Desemba 2025, kisha 11 na 25 Januari 2026, na chama cha USDP, kilichoundwa na jeshi, kikatangazwa mshindi. Barua zinazotoka mji mkuu, Naypyidaw, baada ya hapo zina saini za watu wanaoitwa U fulani. Hiyo "U" ni Bwana, heshima ya mtu mzima wa kiraia. Wengi wa mabwana hao walikuwa na vyeo mbele ya majina: Brigedia Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Kilichobadilika ni hilo neno moja na mavazi. Magwanda yamewekwa sandukuni, wamevaa longyi, ambayo ni kama kikoi cha kwetu, na siku za shughuli wanaongeza kilemba cha gaung baung.

Ombi letu ni dogo. Kabla hamjampokea waziri wa namna hiyo, au hamjamwandikia kuhusu raia wetu walioshikiliwa kule, awepo mtu mmoja wizarani aliyeusoma wasifu wake kwa utaratibu tunaoueleza hapa. Kazi yenyewe haizidi asubuhi moja.

Makosa huanza pale anaposomwa kwa macho ya nyumbani. Sisi tumezoea wanajeshi waliogeuka viongozi wa kiraia. Jakaya Kikwete alikuwa Luteni Kanali, na mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992 akaacha jeshi, akabaki kwenye siasa. Lakini Tanzania chama kilitangulia. TANU ni ya 1954, JWTZ ni ya 1964, na jeshi lilijengwa chini ya kivuli cha chama. Burma, jina la zamani la Myanmar, ni kinyume chake. Jeshi lilizaliwa Desemba 1941, kabla ya uhuru wa Januari 1948, likachukua nchi tarehe 2 Machi 1962, na vyama vilivyotawala baadaye likaviunda lenyewe: BSPP mwaka huohuo wa 1962, halafu jumuiya ya USDA tarehe 15 Septemba 1993, ambayo mwaka 2010 iligeuzwa kuwa USDP. Ofisa anayetoka jeshini kwenda kwenye chama hicho hajahama nyumba. Amehama chumba.

Tumchukue Khin Yi, aliyepewa uenyekiti wa USDP Oktoba 2022. Ni wa rika la 17 la chuo cha maofisa cha DSA kilichoko Pyin Oo Lwin. Tumesema rika kwa makusudi, maana wenyewe hutajana kwa namba ya kundi lililoingia pamoja chuoni, kama vijana wa jando moja, na namba hiyo haimtoki mtu hata akifika ikulu. Thein Sein, rais wa 2011 hadi 2016, ni rika la 9. Min Aung Hlaing, aliyeongoza mapinduzi ya 2021, ni la 19. Ukishaijua namba unajua nani ni kaka na nani ni mdogo, hata kama karatasi ya itifaki imewapanga vingine. Andikeni namba ya rika juu kabisa ya faili, kabla ya cheo.

Kutoka jeshini Khin Yi, akiwa Brigedia Jenerali, aliongoza polisi ya nchi nzima. Alikuwa hapo Septemba 2007, maandamano ya watawa wa Kibudha yalipozimwa, na ndiye aliyesimama mbele ya waandishi kutoa idadi ya waliokamatwa. Machi 2011 akawa Waziri wa Uhamiaji na Idadi ya Watu katika serikali ya Thein Sein.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wizara hiyo ikitafsiriwa kwa Kiswahili inapoteza uzito. Kwetu uhamiaji ni pasipoti, viza na mhuri wa mpakani. Kule ni wizara ya kadi, na kadi ndiyo inayosema nani anaweza kusafiri hadi wilaya ya jirani, kusoma chuo kikuu, kupiga kura. Sheria ya uraia ya tarehe 15 Oktoba 1982 imegawa raia katika ngazi tatu: raia kamili mwenye kadi ya waridi, raia mshirika mwenye kadi ya bluu, na raia wa kuandikishwa mwenye kadi ya kijani. Kigezo kikuu cha uraia kamili ni kutoka katika kabila lililokuwepo nchini kabla ya 1823, yaani kabla Waingereza hawajaanza vita vyao vya kwanza na Burma mwaka uliofuata. Orodha ya serikali ina makabila 135. Warohingya, ambao wengi wao ni Waislamu wa jimbo la Rakhine, hawamo. Wengi wao walibaki na kadi nyeupe za muda, zilizoanza kugawiwa 1995.

Sasa fuateni mambo yaliyotendeka Khin Yi akiwa kwenye kiti hicho. Juni 2013 aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba anaunga mkono agizo la kuwazuia Warohingya wasizidishe watoto wawili. Julai 2013 kikosi cha mpakani cha Nasaka kilivunjwa. Hicho kilikuwa kimechanganya askari, polisi, forodha na maofisa wa uhamiaji chini ya amri moja tangu 1992, jambo linaloonyesha jinsi ukuta kati ya jeshi na uhamiaji ulivyo mwembamba. Kisha ikaja sensa ya tarehe 29 Machi hadi 10 Aprili 2014, ya kwanza tangu 1983. Serikali ilikuwa imeliahidi shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, kwamba kila mtu atataja kabila lake mwenyewe. Sensa ikiwa mlangoni, serikali ikasema neno Rohingya halitaandikwa. Karani alibisha hodi, akauliza kabila, akisikia neno hilo akafunga fomu na kwenda nyumba ya pili. Ndiyo maana matokeo yanasoma watu 51,486,253, lakini ndani yake wamo 1,206,353 ambao hawakuhesabiwa, walikadiriwa tu, na kati ya hao kiasi cha 1,090,000 ni wa jimbo la Rakhine. Tarehe 31 Machi 2015 kadi nyeupe zikafutwa. Watu waliozitumia kupiga kura ya maoni ya 2008 na uchaguzi wa 2010 hawakuwa na karatasi ya kupigia kura Novemba 2015.

USDP ilishindwa uchaguzi huo, na Khin Yi akabaki kwenye chama. Baada ya mapinduzi ya tarehe 1 Februari 2021 akarudishwa wizara ileile. Oktoba 2022 akapewa chama chote, akimrithi Than Htay, naye Brigedia Jenerali mstaafu na waziri wa zamani. Sensa iliyofuata, ya tarehe 1 hadi 15 Oktoba 2024, iliandaliwa ili itoe daftari la wapiga kura. Iliwahesabu watu kikamilifu katika wilaya 145 kati ya 330, na zaidi ya watu milioni 19 wakakadiriwa. Uchaguzi aliokwenda kuushinda yeye na chama chake ulisimama juu ya daftari hilo.

Wasifu rasmi utaonyesha polisi, uhamiaji, sensa, uhamiaji tena, chama. Sisi tunaona kazi moja: kuamua nani ahesabiwe.

Mkishamsoma mmoja hivyo, wengine hawatawasumbua. Kinachohitajika ni tarehe mbili, ya kustaafu jeshi na ya kuteuliwa. Zikikaribiana kwa siku au wiki chache, huo ni uhamisho. Tarehe 20 Aprili 1972 Ne Win, jenerali aliyechukua nchi 1962, na maofisa wenzake 20 walivua vyeo kwa siku moja wakaitwa U, na kazi zao zikaendelea. Aprili 2010 Thein Sein na mawaziri wenzake zaidi ya 20 walifanya vivyo hivyo ili wakaandikishe chama. Mkikuta wastaafu wengi wa siku moja, msiandike "wastaafu".

Swali ambalo waandishi wetu hulipita haraka ni hili: kwa nini kamanda mwenye askari maelfu akubali kupewa wizara ya hoteli? Jibu liko kwenye kamandi za mikoa, ambazo sasa ni 14. Kamanda wa mkoa kule ni kama sultani. Ana vikosi, ana usemi kwenye ardhi na biashara ya mpakani, na akikaa miaka mitano anakuwa tishio kwa aliyemteua. Wizara ni dawa yake. Karatasi inasema amepanda, ila askari amewaacha nyuma. Tarehe 15 Novemba 1997 baraza la kijeshi lililotawala nchi, SLORC, lilivunjwa, likaundwa jingine la namna hiyo, SPDC, na makamanda waliokuwa wameletwa Yangon miaka ya nyuma wakawekwa kando kwa tuhuma za rushwa, wakiwemo Luteni Jenerali Tun Kyi wa biashara na Luteni Jenerali Kyaw Ba wa hoteli na utalii. Walipewa "kundi la washauri" la watu 14, na mwaka uliofuata kundi lenyewe likafutwa.

Kwa hiyo waziri aliyekuwa kamanda asidhaniwe kuwa na jeshi mfukoni. Huenda wizara ndiyo iliyomnyang'anya. Mwombeni jambo lililo ndani ya uwezo wa wizara yake tu, na mlitake kwa barua yenye namba ya kumbukumbu ya wizara. Ahadi ya mdomo mezani huondoka na mtu, na watu hao huondoka ghafla. Win Aung, ofisa wa ujasusi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje tangu 1998, aliondolewa Septemba 2004. Mwezi uliofuata bosi wake, Waziri Mkuu Khin Nyunt, naye akakamatwa, na idara yake yote ya ujasusi ikabomolewa. Win Aung alifungwa gereza la Insein, akafa 2009. Luteni Jenerali Moe Myint Tun alikuwa mwenyekiti wa tume ya uwekezaji na wa kamati ya fedha za kigeni, mtu ambaye kila mwagizaji wa mafuta alipaswa kumjua. Oktoba 2023 alihukumiwa miaka 20. Soe Htut, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akafuata mwaka huohuo kwa miaka 5. Mfanyabiashara aliyeshikilia kibali cha maneno cha Moe Myint Tun alibaki na maneno.

Tuje kwenye katiba ya 2008, ambayo ndiyo inayopanga nani anaweza nini. Rais wa Myanmar si Amiri Jeshi Mkuu. Tunarudia kwa sababu barua za kwetu hukosea hapa: kule majeshi yako chini ya Mkuu wa Majeshi mwenyewe, na kifungu cha 20 kinalipa jeshi haki ya kuendesha mambo yake yote lenyewe. Mawaziri watatu, wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani na wa Mipaka, majina yao hutoka kwa Mkuu wa Majeshi, na kifungu cha 232 kinawaruhusu kubaki na magwanda. Hao hawajavua chochote. Wengine waliotoka jeshini huteuliwa na rais wakiwa wastaafu. Halafu wapo raia wa kawaida, wengi wao wa wizara za kitaalamu. Barua iliyokosea kundi hurudi bila jibu, au isirudi kabisa.

Juu ya wote kuna Baraza la Ulinzi na Usalama la watu 11. Hesabuni: Mkuu wa Majeshi, naibu wake, mawaziri watatu aliowataja yeye, na makamu mmoja wa rais anayependekezwa na wabunge wanajeshi. Jumla sita. Wengi wa baraza wameshapatikana kabla kura ya raia haijahesabiwa. Bungeni nako viti 110 kati ya 440 vya bunge la chini na 56 kati ya 224 vya bunge la juu hupewa wanajeshi bila kupigiwa kura, na katiba haibadilishwi mpaka zipatikane kura zinazozidi asilimia 75. Hesabu hizo zilipangwa na watu waliojua kuhesabu.

Majina ni balaa nyingine. Waburma hawana jina la ukoo, na majina ni machache kuliko watu. Jeshi hilo limetoa Tin Oo watatu wakubwa: wa kwanza alikuwa Mkuu wa Majeshi na Waziri wa Ulinzi, akafukuzwa 1976, baadaye akawa mwanzilishi wa chama cha NLD pamoja na Aung San Suu Kyi, wa pili alikuwa mkuu wa ujasusi aliyeangushwa 1983, wa tatu alikuwa katibu wa pili wa SPDC, akafa kwenye ajali ya helikopta Februari 2001. Soe Win ni Waziri Mkuu aliyefariki 2007, na Soe Win mwingine aliwahi kuwa naibu Mkuu wa Majeshi. Anayepekua orodha za vikwazo kwa jina tu atamzuia asiyehusika na kumpitisha anayehusika. Takeni vitu vitatu pamoja: jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo huanza na tarakimu ya jimbo, kuanzia 1 hadi 14, kisha mkwaju, herufi za wilaya, alama ya aina ya uraia ndani ya mabano, na tarakimu sita. Ikija bila herufi za wilaya, irudisheni.

Na Tin Oo wa kwanza anatukumbusha tusiwapake wote rangi moja. Wapo waliotoka kweli. Brigedia Aung Gyi alijiuzulu uwaziri wa biashara na viwanda Februari 1963 alipopinga mkondo wa kutaifisha kila kitu. Dalili ya aliyetoka kweli ni kwamba kuondoka kwake kulimgharimu.

Sasa jambo lililotufanya tuandike. Vijana wetu, Wakenya na Waganda wakiwemo, wameahidiwa kazi Thailand, wakashuka Bangkok, wakasafirishwa kwa gari hadi Mae Sot, mji wa Thailand ulioko mpakani, wakavushwa mto Moei usiku hadi Myawaddy upande wa Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni kama KK Park. Familia hukimbilia wizarani, wizara huandika barua Naypyidaw kwa Waziri wa Uhamiaji. Barua hiyo haina miguu. Upande ule wa mto, Naypyidaw haitawali kwa polisi wala kwa uhamiaji. Eneo kubwa liko mikononi mwa kikosi cha Saw Chit Thu, kilichoundwa 2010 kama kikosi cha mpakani chini ya jeshi na tangu 2024 kinajiita Jeshi la Taifa la Karen. Anayeweza kukigusa ni jeshi, kupitia kamandi yake ya eneo hilo, na Thailand, ambayo inashika daraja, umeme na mafuta. Februari 2025 Thailand ilikata umeme na mafuta; siku chache baadaye zaidi ya watu 250 wakavushwa kwa mkupuo mmoja, zaidi ya nusu yao Waethiopia, na Wakenya wakiwemo. Maelfu wengine walikaa wiki nyingi kambini wakisubiri balozi zao zithibitishe majina na kulipa nauli.

Utaratibu unaofaa, basi, ni huu. Barua ya kwanza iende wizara ya mambo ya nje ya Thailand siku ileile taarifa inapopokelewa, ikiwa na namba za pasipoti, picha, na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho, na nakala iende ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok kwa niaba ya nchi zisizo na ubalozi pale. Barua ya pili ndiyo ya Naypyidaw, kwa Waziri wa Mambo ya Ndani na kwa Waziri wa Mipaka, hao wenye magwanda, na yule wa Uhamiaji apate nakala tu, kwa ajili ya faini za kukaa bila viza. Hati za dharura za kusafiria ziandaliwe kabla watu hawajavuka, na fedha za tiketi zitengwe mapema, maana Thailand hairuhusu mtu avuke kama nchi yake haijaahidi kumwondoa. Wakishavuka huhojiwa ili ijulikane kama ni wahanga wa biashara ya binadamu. Asiyepata mkalimani wa Kiswahili anaweza kuandikwa mhalifu. Mkalimani huyo apatikane kwa simu.

La mwisho ni mialiko. Kila tarehe 27 Machi kuna gwaride la Siku ya Majeshi, na mabalozi hualikwa. Siku hiyo inaadhimisha mwaka 1945, jeshi la Aung San, mwanzilishi wake, lilipowageuka Wajapani. Miezi minne kabla, Desemba 1944, wazee wetu wa Keya (King's African Rifles), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa wameshatelemka bonde la Kabaw kule Burma kwenye matope na malaria wakaichukua Kalewa, jeshi hilo likiwa bado upande wa Japani. Anayetuma mwaliko ni jeshi, na picha itakayopigwa ni ya jeshi. Balozi akialikwa, aulize kwa maandishi anakwenda kama mgeni wa nani, na jibu liwekwe kwenye faili lilelile lenye namba ya rika.

Tunaomba kila wizara imteue ofisa mmoja wa dawati la Myanmar na kutangaza namba yake ya simu ya ofisini, ili familia zijue pa kupiga.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Wafuatiliaji wa siasa za Myanmar kwa Kiswahili